Noreen Anakuja Kuoga

Kambi nzima ilijua Noreen anakuja, maana Ardith, mama yake, aliamka akiimba. Ardith alikuwa mjane wa miaka sabini na ushee, mwembamba wa mwili, mnene wa sauti. Enzi zake aliendesha basi la shule kule Saskatchewan, Kanada. Mumewe alipofariki aliuza nyumba, akanunua gari kubwa lenye kitanda, jiko na bafu humo humo. Tangu hapo, kila baridi ikikaza kwao, yeye huyoo, anateremka Arizona, Marekani, kuota jua jangwani na wazee wenzake.

Binti yake hakuupenda mchezo huo. "Mama," alisema kwenye simu, "nakuja kulala kwako. Nikioga maji baridi, basi. Gari tunauza, unahamia kwangu."

"Utaoga mpaka uchubuke, mwanangu!"

Basi Ardith akafagia, akapiga deki, akafungua madirisha yote. Furaha ikampanda kichwani. Akabonyeza swichi ya umeme ya hita ya maji na kuendelea kukata kiuno. Kumbe tangi la hita lilikuwa kavu kabisa! Kabla ya kuondoka kwao alilimwaga maji lisipasuliwe na barafu, akageuza valvu ili maji yapite kando ya tangi. Tangu afike alikuwa akioga kwenye mabafu ya kambi, na valvu aliisahau.

Jirani yake Delmar, mzee mwenye upara unaong'aa, alipita akinusanusa, akaingia. "Ardith, unapika nini?"

"Sipiki kitu."

"Mbona kuna kitu kinaungua?"

Ardith akashika mdomo. "Tangi!"

"Usiniambie umewasha umeme tangi kavu."

"Haya, sikuambii."

"Umekaanga koili, bibi wewe! Kavu kavu, bila hata mafuta!"

"Cheka baadaye, Delmar. Mtoto yuko njiani."

"Washa gesi basi. Aliyeunda hita ya njia mbili, umeme na gesi, alikuwa anakuwaza wewe."

Ardith akazima umeme, akageuza valvu, akafungulia bomba la maji ya moto. Likakohoa, likatema hewa, mwisho maji yakatiririka sawasawa. Tangi limejaa. Akabonyeza swichi ya gesi. Huko nje hita ikalia tik, tik, tik, halafu kimya. Taa nyekundu ya hitilafu ikawaka. Akarudia. Nyekundu tena.

Na hapo hapo Noreen akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Mama! Salamu baadaye, bafu kwanza."

Ardith akamrukia, akamkumbatia kwa nguvu, hamwachii. Juu ya bega la binti akamkodolea Delmar macho. Delmar akanong'ona, "Mtungi wa gesi ulibadilisha lini?"

"Leo asubuhi."

"Na jiko je?"

Jiko! Kila mtu kambini anajua: ukifunga mtungi mpya, bomba lina hewa, washa jiko kwanza livute gesi. Ila asubuhi hiyo Ardith alichemsha kahawa kwa birika la umeme. Akamwachia Noreen, akarukia jiko na kiberiti. Likapiga chafya, likapiga tena, kisha moto wa bluu ukasimama. Swichi. Tik, tik, vuuu! Delmar akatoka nje mbio na kucheza mbele ya hita kama bwana harusi.

"Mna nini nyinyi?" Noreen akauliza.

"Furaha tu. Kula keki kwanza, mwanangu. Kipande kingine. Na kingine."

Maji yalipopata moto, Noreen akaruhusiwa kuingia. Mvuke ukapenya chini ya mlango, na yeye akaanza kuimba.

"Funga bomba ukijisugua!" Ardith akapaza sauti. "Tangi ni dogo!"

"Ati nini?"

Wimbo ukaendelea. Mara ukakatika kwa yowe. "Mama! Barafu!"

Ardith akakimbilia mlango wa bafu. Akauliza taratibu, "Ulifunga bomba?"

"Hapana."

"Ulikuwa unaosha nini muda wote huo, ng'ombe?"

Kisha kicheko kikapasuka bafuni. "Maji yalikuwa matamu, mama! Nimeyamaliza mwenyewe. Na kichwa kizima ni povu!"

"Tulia na povu lako. Moto unawaka, yanarudi."

"Amesemaje?" Delmar akapiga kelele kutoka nje.

"Anasema gari haliuzwi!"

"Sijasema hivyo!" Noreen akajibu, akicheka mpaka anakohoa. Halafu, "Haya, haliuzwi. Lakini hiyo koili uibadilishe, mama. Nimeisikia harufu tangu getini."

Ardith akatoka nje na kumbusu Delmar kwenye upara, mwaa, kambi nzima ikiona.