Mume Wangu wa Aisilandi

Mjukuu wangu si bubu. Nalisema hili kwanza kwa sababu Leonia, jirani yangu hapa Kanyenye, Tabora mjini, amelitangaza kuanzia bombani hadi kwenye jumuiya ya kanisa, na wengine wameongeza kwamba binti yangu Advera alikuwa akimlaza mtoto nje kwenye theluji. La kulala nje ni kweli, na wala si yeye peke yake. Huko Aisilandi watoto wachanga hufunikwa mablanketi wakalazwa barazani mchana, na hakuna anayeshangaa. La ububu ni uongo.

Advera ni muuguzi. Alikwenda huko kutunza wazee, akaolewa na Marek, Mpolandi wa kiwanda cha samaki. Ndoa ilifungwa kanisani, kwa wanaotaka kujua. Mtoto wao wakampa jina la marehemu mume wangu, aliyekuwa mwalimu mkuu kule Ipole: Leodgar.

Nyumba yao ina lugha nne. Chekechea ni Kiaisilandi, baba ni Kipolandi, mke na mume wanaelewana kwa Kiingereza. Kiswahili kilibaki kwa Advera, na Advera yuko zamu. Nje kuna upepo wa kung'oa mlango wa gari, na miezi ya baridi, jua likichomoza saa chache tu, mama na mwana hujifungia ndani bila jirani wa kubisha hodi.

"Mama, huku Kiswahili nakisikia kwa mdomo wangu tu," aliniambia.

Mimi sikuogopa. Babu zetu walibeba pembe za ndovu hadi pwani wakarudi na Kiswahili, na Kinyamwezi chao hakikuanguka njiani. Kila Jumapili baada ya misa nilimpigia mtoto simu ya video, nikamwita kama bibi wa kwetu anavyomwita mjukuu wake wa kiume, tena aliyebeba jina la mumewe.

"Mume wangu, umekula nini bila mimi?"

"Samaki!"

"Na mimi umeniachia miiba?"

"Wewe mzee! Huna meno!"

"Ninayo yote. Endelea hivyo, nitaolewa na Masele muuza asali."

"Hapana! Mke wangu mimi!"

Alicheka mpaka simu ikamdondoka. Kiswahili chake chote kilikuwa utani huo, lakini kilikuwa kinakua.

Alipofika miaka minne akawaambia walimu wa chekechea kwamba ana mke, mzee sana, yuko Afrika, na muuza asali anataka kumchukua. Wazazi wakaitwa. Advera akaeleza mila yetu. Walimu walisikiliza kwa adabu, kisha wakauliza maswali yaleyale upya, safari hii kwa Marek peke yake. Marek hakugomba. Alisema tu kwamba mtoto asiitwe hivyo tena.

"Mama, mwite jina lake," Advera akaniomba.

"Jina la baba yako? Sikuwahi kulitamka mbele yake tangu anioe, leo nimwite nalo mtoto kama naita mahudhurio?"

"Basi mwite mjukuu."

"Mjukuu ni neno la kumtambulishia wageni."

"Mama, unataka watu wa ustawi wa jamii waninyang'anye mtoto?"

Nikamwita mjukuu. Jumapili hiyo alinitazama, akingoja nimchokoze. Nikamuuliza kama amesali. Akamgeukia mama yake, akauliza kitu kwa lugha nisiyoijua. Advera hakutaka kunitafsiria mpaka nilipomshurutisha. Mtoto alikuwa ameuliza mke wake yuko wapi, na huyu ni nani.

Baada ya hapo alikuja kwa kusukumwa, kisha hakuja kabisa. Sasa namwona akipita nyuma ya mama yake na buti zake za mvua, akiimba nyimbo za huko. Advera naye amechoka. Humsemesha kwa lugha anayojibiwa. Nikimwambia amlete Tabora anasema labda mwakani. Mwaka jana alisema hivyohivyo.

Mume wangu nilimzika Ntalikwa, nikamlilia mbele za watu. Huyu mdogo yu hai, ana afya, anajua lugha tatu, na simu ikizimwa hajui kwamba kuna mtu alikuwa upande wa pili.

Wapo wanaouliza kama Jumapili hii nitapiga. Hilo ni la nyumba yangu. Sisemi zaidi.