Mama Ukame na Nyasi Anazozinyima Maji

Saa nane mchana, wakati kila mwenye akili timamu ametafuta kivuli, Mama Ukame amechutama katikati ya shamba la majaribio, anatazama nyasi zinavyohangaika. Maji aliyobeba kwenye chupa ni ya kunywa mwenyewe. Nyasi haziambulii hata tone.

Hiyo ndiyo kazi yake, na ndiyo asili ya jina lake. Wenzake kwenye kituo cha utafiti walimbandika zamani, naye amelizoea hadi mumewe humwita hivyo akitaka kumchokoza.

"Watu wananiona mchoyo," anasema bila kuinua uso. "Lakini ukizinywesha, zitakudanganya. Zikishashiba maji, zote ni hodari."

Kituo hiki hutafuta mbegu za malisho zitakazovumilia joto la kiangazi. Mama Ukame huchanganya nyasi ya aina moja na nyingine. Maua huyavika mifuko ya karatasi yasichavushwe ovyo na upepo, mbegu zikikomaa huzipanda, kisha huwaacha watoto hao juani wajitetee wenyewe.

Anajua anamfanyia nani kazi. Wifi yake anafuga ng'ombe. Mvua zikiwepo, ng'ombe mmoja humpa lita nane kwa siku. Kiangazi kikishika na majani kugeuka kuni, hupata tatu, tena kwa kumbembeleza.

Mwaka huu mambo yamekuwa ya kufa na kupona. Mama Ukame anastaafu mwishoni mwa mwaka, na mtafiti anayesimamia shamba alimweleza bila kuzunguka kwamba wasipopata shina hata moja la maana, trekta litapita na eneo lote litapewa watu wa mahindi. Jasho la miaka mingi lingefukiwa kwa asubuhi moja.

"Nimelea watoto wanne," anasema. "Wote kwa pamoja hawajanisumbua kama nyasi hizi."

Ndiyo maana furaha ilimzidi pale mashina machache ya mstari wa mwisho, karibu na kibanda cha mlinzi, yalipobaki kijani huku shamba zima limekauka. Alimwita mtafiti, picha zikapigwa, wakubwa wakaarifiwa. Nyumbani alimsimulia mumewe hadi chakula kikapoa.

Siku chache baadaye, akiwa anapalilia mstari huo, alichota udongo akaunusa. Ulinukia sabuni.

Mlinzi wa shamba ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, na kazi hiyo alitafutiwa na Mama Ukame mwenyewe. Kumbe kila asubuhi akimaliza kuoga, maji ya beseni lake huyamwaga kwenye mstari ule. Hakuwa na nia mbaya. Alitenda wema akaenda zake.

"Shemeji, zilinitia huruma," alijitetea. "Nilidhani mmezisahau."

"Hatukuzisahau. Tulizinyima."

Hakumgombeza zaidi ya hapo. Mtu utamgombezaje kwa kuwa na huruma? Hakuna mwingine aliyejua, na anakiri kwamba jioni hiyo shetani alimnong'oneza: nyamaza, staafu kwa heshima, wengine watajua mbele ya safari.

"Halafu wifi yangu apande nini? Sabuni?"

Kulipokucha alimwambia mtafiti ukweli, akachukua jembe na kuyang'oa yale mashina ya kijani kwa mkono wake. Anasema roho ilimuuma kama anayefukia kitu kilicho hai, na kweli kilikuwa hai.

Mtafiti alisema trekta litakuja mwisho wa mwezi. Mama Ukame aliomba jambo moja tu: kabla ya trekta, shamba lote linyweshwe mara moja, sawa kwa sawa, waone kama kuna shina lililokauka juu tu, mzizi ukiwa bado hai. Alikubaliwa. Pengine naye alitia huruma.

Wiki ilipita shamba likiwa kahawia vilevile. Kisha mashina mawili ya katikati, mahali ambapo hakuna beseni la mtu linalofika, yakachipua. Alikuwa akiyapita kila siku bila kuyatazama mara ya pili, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa yale ya kijani.

Mawili hayo yameokoa nusu ya shamba. Nusu nyingine imekwenda kwa mahindi. Sasa yananyimwa maji upya, kwa sababu kupona mara moja kunaweza kuwa bahati, na ndiyo anayoyalinda mchana huu. Shemeji ameonywa kwa upole, beseni lake limepewa mahali pengine pa kumwagwa.

Mbegu hazitatosha kugawiwa wakulima kabla hajastaafu. Kituo kitaendelea nazo, naye ameomba chache za kujaribu kwenye kona aliyotengewa na wifi yake kando ya zizi.

"Nyasi hiyo waiite jina wanalotaka," anasema. "Siku ng'ombe wa wifi atakapoila kiangazi, akaimaliza, akageuka kunitazama kama kuna nyingine, hapo ndipo nitakuwa nimestaafu."