Mama Anasugua Choo cha Likizo

Jamani, mama yangu ataniua kwa aibu!

Nimemleta apumzike, nyumba ya likizo ufukweni mwa ziwa, huku Geita. Kuna mpishi, kuna dada wa usafi. Wanangu wako kwenye mawimbi na mbao zao za kuteleza majini.

Mama je? Kashafagia uwanja, katandika vitanda vyote, sasa anasugua choo!

Dada wa usafi kasimama mlangoni na ndoo yake, anaogopa bosi atamkuta hana kazi.

Nikafoka: "Mama, si uache! Hiyo ni kazi yake!"

Hata kichwa hakuinua.

"Miaka ya sabini, nina mimba yako, nilisafisha nyumba za wageni kule Songwa. Sikuwahi kukuta hata kitanda kimoja kimetandikwa na mgeni."

Haya, semeni nyie. Mimi nimeshika brashi ya choo, nasugua naye, na hasira bado ninazo.