Mstari Mwekundu wa Ikonge

Omwenga wa Kebirigo alikula mkate wake kwa kusema kweli juu ya barabara. Kampuni moja ya Nairobi ilichapa ramani za wasafiri wanaokatiza Afrika kwa magari, naye ndiye aliyekuwa jicho lake huku Kisii na Nyamira. Kila mwaka kabla ya masika alipanda baiskeli, akakagua mito na madaraja, akapeleka habari. Mstari mwekundu, lori hupita. Nukta, ni miguu na baiskeli tu.

Mwaka wa 1971 watu wa Ikonge walijenga daraja la harambee. Siku ya ufunguzi mchungaji aliliombea, kina mama wakaimba. Omwenga akakwaruza gogo kwa kisu. Lilikuwa la mkaratusi mbichi, likatoa maji.

"Mjomba, hili halibebi lori," alimwambia Angwenyi, ndugu ya mama yake, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati.

"Punda wa mama Bosibori amepita na magunia ya mahindi. Lori ni nini, si punda mwenye taa?"

Watu wakaangua kicheko.

"Nitaandika nukta, mpaka magogo yakauke."

"Nukta!" Angwenyi akamjia juu. "Wajane wametoa kuku wao, mtumishi wa Mungu ameomba, halafu wewe, niliyekulipia karo, uwaambie Wazungu hapa hakuna kitu?"

Hapo ndipo Omwenga alipoanguka. Aliona kwamba kulitilia shaka daraja lililoombewa ni kumtilia shaka Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyekata magogo yale. Akaandika mwekundu.

Masika yaliyofuata, lori la wageni kutoka Kampala likaufuata mstari ule. Daraja likakatika katikati. Dereva na msichana mmoja walitolewa mtoni wakiwa maiti.

Inspekta alikunjua ramani iliyolowa mbele ya umati. "Nani alisema lori hupita hapa?"

"Ramani ni ya Nairobi, afande," Angwenyi akawahi, huku akimfinya mpwa wake mkono. "Sisi ni wakulima tu."

"Ni mimi," Omwenga akasema. "Na nilijua magogo ni mabichi."

Kazi ikamponyoka. Angwenyi alikwenda kaburini bila kumsalimia tena. Daraja likaungwa kwa ajili ya waendao kwa miguu, na ramani mpya ikaweka nukta, lakini zile za zamani zilikuwa zimeshauzwa, na karatasi haisikii ikiitwa irudi. Basi kila masika Omwenga alikata matawi ya miiba akaziba njia ya magari. Wanawake waliyachukua kuwa kuni, wakimcheka. Akakata mengine.

Mwaka wa 1978 gari la wageni lilisimama mbele ya miiba yake. Dereva akamwonyesha ramani iliyochakaa, kidole kikiwa juu ya mstari mwekundu.

"Huo ni uongo," Omwenga akasema kwa Kiswahili.

"Nani kasema?"

"Yule aliyeuandika."

Dereva akacheka, akashuka, akaanza kuondoa miiba. Omwenga hakubishana. Alilala chali matopeni mbele ya magurudumu, mvua ikimpiga usoni, mpaka aliposikia gari likirudi nyuma.