Unga Mweupe Chini ya Boti

Kaka yangu mkubwa alifika kwangu Kihonda mchana, pikapu yake ikivuta boti juu ya trela. Ilikuwa boti ya faiba, nyeupe, kuukuu kidogo. Alikuwa ameinunua Dar es Salaam na anaipeleka Mtera, anakovua samaki bwawani. Alipanga anywe chai tu aendelee na safari.

Mimi ni fundi cherehani, nimekulia hapahapa Morogoro, na sikuwahi kuikaribia boti kiasi cha kuigusa. Nilipokwisha kumwamkia kaka nikaanza kuizunguka. Nikainama, nikapitisha kidole kwenye moja ya zile mbao mbili ndefu za trela ambazo boti huzilalia. Kidole kikatoka na unga mweupe, laini kama sembe.

"Kaka, huu unga ni wa nini?"

Alikuja na kikombe mkononi, akautazama, akausikilizia kati ya vidole. "Ni boti yenyewe," alisema. "Inasagika."

Kapeti iliyofunika zile mbao ilikuwa imeliwa na jua mpaka ikatoboka, na njia nzima faiba ilikuwa inajisugua kwenye mbao tupu. Kaka alitaka tuweke kapeti nyingine upesi aondoke. Nilikuwa nacho kipande kilichobaki nilipotandika sebule. Lakini jambo moja halikuniingia akilini: unga ulikuwa mwisho wa mbao, upande wa nyuma tu. Mbele kulikuwa safi.

"Mbona haisagiki kote?" nikamuuliza.

"Labda mbele ni nyepesi."

"Au mbele haigusi."

Akaenda kwa jirani yetu, fundi magari, kuomba jeki, wakarudi wote wawili. Wakaiinua boti taratibu, wakaikingia matairi chini. Tukabandua kapeti chakavu, nami nikaleta masizi ya sufuria nikazipaka mbao zote mbili. Tukaishusha boti, tukainua tena, nikachungulia. Tumboni mwake kulikuwa na madoa mawili meusi, kila moja kama kiganja changu. Basi. Uzito wote wa nyuma ulikuwa umekaa hapo.

"Na nimetoka nayo Dar hivi," kaka alisema kwa sauti ya chini.

Jirani akalegeza bolti zinazoshika mbao, akazilaza zifuate umbo la boti. Tukapaka masizi upya, tukashusha, tukainua. Tulirudia mpaka kila doa likawa mstari mrefu kutoka nyuma hadi mbele. Kapeti nilizivalisha mbao mwenyewe, nikaikunja na kuipigilia kwa chini, misumari isije ikakutana na faiba.

"Ikishika mchanga si itakuwa msasa?" nikauliza.

"Itakuwa. Nitaiosha kila tukitoka majini."

Giza lilishaingia, ikabidi alale kwangu. Asubuhi, wingu likiwa bado limefunika Uluguru, akaondoka. Alipofika Gairo alisimama kukagua, akanipigia simu.

"Mbao haziisagi tena. Ila mkanda wa kuifungia boti nyuma ulilegea, ikawa inarukaruka. Nimeukaza."

Nikamuuliza boti inashukaje majini, na kama trela nalo linaingia.

"Linaingia, mpaka magurudumu yanazama."

"Na gari je?"

Akacheka. "Njoo Mtera uone mwenyewe, mdogo wangu."

Nimeshamwambia nikimaliza sare za shule nitakwenda.