Kisima Kilichowahi Tarehe

Mama Kamba hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili. Hata hiyo mara moja ilikuwa shida. Jina alipewa na wachimba visima kwa sababu ya kazi yake: mumewe, waliyemwita Fuko, alichimba chini, na yeye alikaa juu akishika kamba ya ndoo. Mwanamke mwembamba, viganja vigumu kama soli ya kiatu. Mawifi walimcheka siku za mwanzo. Walipoona Fuko hashuki shimoni mkewe asipokuwepo, wakanyamaza wenyewe.

Baina yao palikuwa na neno moja: "Toka." Mama Kamba akilisema kutoka juu, Fuko anatupa sururu na kupanda. Haulizi. Maswali yanaulizwa juani. Na neno hilo halichezewi. Nyumbani hata paka alifukuzwa kwa neno jingine.

Basi kikaja kisima cha shule mpya. Mkandarasi, kijana mwenye viatu visivyojua tope, alikuwa na mkataba wa namna yake: maji yakipatikana kabla ya tarehe ya kufungua shule, kuna nyongeza nono juu ya malipo, yakichelewa, wanakatwa. Fuko akaweka dole gumba palepale, bila kumuuliza mkewe.

"Umetia dole kwenye nini, baba watoto?"

"Kwenye mapumziko yako. Hiyo nyongeza ni ya mashine ya kuvutia ndoo. Hivyo viganja navyo vipumue."

"Nani kakwambia viganja vyangu vimechoka?"

"Ukinishika mgongo nadhani nimeoa msasa."

Fuko akacheka. Mama Kamba naye alitaka kucheka, akajizuia, akakunja uso. Hilo nalo linamuuma mpaka leo.

Udongo wa pale ulikuwa wa mchanga. Kazi yao siku zote ilikuwa hivi: wachimbe kidogo, wateremshe pete ya zege ishike ukuta, ndipo waendelee. Lakini pete humwagwa, kisha huachwa ikomae taratibu, na zege halina habari na tarehe ya mtu. Siku zikasogea, pete bado mbichi. Fuko akaamua achimbe kwanza, pete zifuate.

Mama Kamba alipinga jikoni, akapinga njiani, akapinga kando ya shimo. Fuko akashuka.

"Shemeji, leo mwache tu," alisema mdogo wake Fuko, aliyekuwa akimwaga udongo. "Kaka ameshaamua."

"Ameamua yeye kama nani? Mwenye kamba ni mimi."

Kiburi kikampanda. Akainama juu ya shimo akaita, "Toka!"

Fuko akapanda mbio, magoti yamechubuka, macho yamemtoka. Akautazama ukuta. Umetulia.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nataka uache mpaka pete zikomae."

Fuko hakumpigia kelele. Angepiga, pengine ingekuwa afadhali. Alijifuta uso kwa mkono, akasema polepole, "Lile neno letu, mama watoto. Umelifanya la kugombania."

Akashuka tena.

Ndoo ikapanda, ndoo ikashuka. Jua lilipofika utosini ndoo ikaja na udongo uliolowa, na kule chini Fuko akaanza kupiga mluzi. Hapo ndipo Mama Kamba alipoona mchanga ukichuruzika ukutani, mwembamba, kama sukari inayovuja kwenye mfuko.

"Toka! Baba watoto, toka!"

Sauti ikaja kutoka chini, ina kicheko ndani yake. "Leo hunipati tena! Maji haya hapa, yananilamba miguu!"

"Haki ya Mungu, sitanii, toka!"

Ukuta ukashuka wote kwa pamoja. Wala haukuwa na kishindo kikubwa. Kamba ikakaza mikononi mwake, ikamvuta mpaka ukingoni, kisha ikalegea. Yeye na shemeji yake wakavuta, wakafukua, wakaita watu. Walimpata Fuko jioni, na hakuwa mtu wa kuitwa tena.

Baada ya maziko, pete zikawa zimekomaa. Shemeji yake na wenzake wakafukua upya, wakateremsha pete moja moja kama inavyotakiwa, bila haraka, maana nani angewahimiza tena? Maji yakatoka. Na tarehe ilikuwa bado haijafika.

Mkandarasi alikwenda mwenyewe kwa mjane. Alivua vile viatu mlangoni, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mama, hii nyongeza ni haki yenu. Mmewahi."

Mama Kamba alimtazama mpaka kijana akainamisha kichwa. "Tumewahi nini, mwanangu?"

Aliipokea ile nyongeza kwa sababu ndiyo Fuko aliyoifuata kule chini. Akanunua mashine, akamkabidhi shemeji yake, akamwambia asimletee habari za mashine hiyo.

Siku hizi hashiki kamba. Viganja vyake vimelainika, vimekuwa kama vya mtu mwingine. Lakini ile kamba ya zamani ipo, imening'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Asubuhi nyingine huishusha, akakaa kitandani, akaivutavuta kati ya mikono yake miwili, polepole, mpaka ngozi ianze tena kukwaruza.

Halafu huugusa mto wa Fuko, upande wa pili wa kitanda.