Masaa Kumi Juu ya Kiti

"Fundi kachanganyikiwa," alisema jirani wa mlango wa pili huku akikamua nguo. "Tangu asubuhi kakaa anatazama ukuta. Cherehani kaifunika. Nikimwita ananijibu, 'Usinisumbue, niko angani.'"

Mama mchanga alikosa hata nguvu ya kucheka. Mwanawe alikuwa anaota meno na kope zake zilikuwa nzito kama mawe. Alijifunga mtoto mgongoni, akaenda kupiga hodi.

Fundi alikuwa kwenye kiti cha plastiki, magoti yakigusa ukuta, saa ya mezani mapajani. Miaka thelathini ya kukanyaga cherehani ilikuwa imemvimbisha miguu, viatu vyote vimemkataa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita, ila mimi siinuki. Abiria hainuki ovyo."

Kisa kilikuwa hiki. Bintiye, aliyeolewa mji wa mbali, kilomita elfu nane kwa ndege, alikaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza, na kule hana ndugu wa kumshika mkono. Jioni hiyo angemkatia mama yake tiketi, lakini alitaka jibu la kweli: miguu itaweza? Fundi hakutaka kumdanganya mwanawe. Alisoma ratiba aliyotumiwa: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa tisa alasiri. Masaa saba. Basi saa moja asubuhi akaketi ajipime, kama anavyompima mteja kabla ya kutia mkasi.

"Sasa ni saa saba," alisema. "Limebaki lisaa limoja. Kiuno kimekufa ganzi, lakini uwanja nauona."

Mama mchanga aliisoma karatasi ya ratiba, akarudia. Moyo ukamwuma.

"Mama, binti akikupigia saa sita mchana, huwa anafanya nini?"

"Ndiyo kwanza anapiga mswaki. Kwao inakuwa bado saa tatu." Fundi akaitazama saa, akaitazama karatasi. "Kumbe hiyo saa tisa ni ya kwao."

"Ya kwao, mama. Hapa itakuwa imeshafika saa kumi na mbili jioni."

"Masaa kumi." Alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyefika kileleni akakuta kilima kingine.

"Rubani!" jirani alipaza sauti kutoka uani. "Umetua?"

"Bado! Uwanja wameusogeza mbele!"

Jirani alicheka peke yake. Fundi alikamata kingo za kiti, akajiinua nusu, magoti yakalia. Alibaki hivyo kidogo, hajasimama, hajaketi. Kisha akajirudisha taratibu, akaiweka saa sakafuni.

"Mwanangu," alisema, "mfungue huyo mtoto, unipakatishe. Nikiwa na mtoto mapajani huwa sisikii miguu. Wewe kajinyooshe kitandani kwangu. Saa kumi na moja ikifika, uamke umchukue, halafu unipigie simu kwa binti yangu."